Swali la Dereva Juma: Namna ya Kulifungua Fumbo la Mtihani wa Kufikiri



Wiki mbili zilizopita nilikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, nyumbani kwa dada yangu. Safari ilikuwa ya siku chache na ilihusu mambo ya kifamilia yasiyo na nafasi katika safu hii. Lakini usiku wa kwanza, baada ya Isha, nikiwa nimejifunika shuka juu ya sweta (Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa hulijua hilo kwa kugongana meno kabla ya kuambiwa), mpwa wangu alikuja na karatasi mkononi, akakaa kitako mkekani.

"Mjomba, nisaidie hapa. Jibu lao silikubali."

Binti huyu ana digrii ya uhasibu aliyoipata miaka miwili iliyopita. Tangu hapo waajiri wawili wamemwita kufanya ule mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri ambao siku hizi hutangulia mahojiano ya kazi, na mara zote mbili hakuyafikia mahojiano. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumamosi ile. Baba yake, shemeji yangu, ni dereva wa lori, huenda na kurudi baina ya bandari ya Mombasa na Malaba, na mgongo umeanza kumdai miaka yake. Nyuma ya binti kuna wadogo wawili wanaohitaji karo. Karatasi ile haikuwa mchezo wa kupitisha usiku.

Swali lilikuwa kwa Kiingereza. Nimeligeuza hivi:

Kampuni ya mabasi ina kanuni mbili. Kwanza, dereva hapangiwi safari ya usiku ila awe amepita kipimo cha macho. Pili, dereva aliyepata ajali mwaka uliopita hapangiwi safari ya usiku. Juma ni dereva wa kampuni hii. Amepita kipimo cha macho, na hakupata ajali yoyote mwaka uliopita. Ikiwa kanuni hizi hufuatwa bila kukiukwa, kauli ipi kati ya hizi lazima iwe kweli?

A. Juma hupangiwa safari za usiku.
B. Madereva waliopita kipimo cha macho hawakupata ajali mwaka uliopita.
C. Dereva asiyepangiwa safari za usiku ama hakupita kipimo cha macho ama alipata ajali mwaka uliopita.
D. Juma ni dereva salama kuliko dereva yeyote ambaye hakupita kipimo cha macho.
E. Hakuna dereva wa safari za usiku aliyepata ajali mwaka uliopita.

Kabla hujaendelea kusoma, chagua herufi yako uiandike mahali. Hakuna anayekutazama.

Mpwa wangu alichagua A. Alipoambiwa na majibu ya nyuma kwamba siyo, akahamia C. Jibu la kitabu ni E, na hiyo E ndiyo aliyoiona ya kipuuzi kuliko zote kwa sababu haimtaji Juma hata kidogo. "Watuhadithie Juma mwanzo hadi mwisho, halafu jibu lisimhusu?"

Ndiyo. Juma ni chambo. Mtunga swali alijua kwamba akikutajia mtu, jina lake, macho yake mazima na rekodi yake safi, moyo wako utataka kumpa kitu. Hadithi inamwelekea Juma, nawe unamwelekea Juma. Lakini swali halikuuliza Juma anastahili nini. Liliuliza kauli ipi *lazima* iwe kweli, yaani kauli ambayo haiwezekani kuwa uongo maadamu yale maneno ya juu ni kweli.

Nilimuuliza: "Mwanangu, ukitawadha, umeswali?"

Akacheka. "La, Mjomba. Nimetawadha tu."

"Na ukiswali bila udhu?"

"Haisihi."

Basi hapo pana swali zima. Wale tuliopita madrasani tukaonja kidogo usul al-fiqh tunakumbuka ufafanuzi wa sharti: ni jambo ambalo likikosekana, kinachotegemea hukosekana, lakini likiwepo, halilazimishi kinachotegemea kuwepo wala kutokuwepo. Udhu ni sharti ya swala. Bila udhu hakuna swala. Lakini mtu anaweza kutawadha kisha akalala, akaenda sokoni, au akakaa barazani mpaka adhana nyingine. Kipimo cha macho ndicho udhu wa Juma. Na kutopata ajali vilevile. Ana sharti zote mbili zilizotajwa, na bado hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye sharti hizo hupangiwa safari ya usiku. Huenda kampuni ina madereva mia na mabasi manne ya usiku. Huenda Juma mwenyewe hataki usiku. A inaweza kuwa kweli. Haikulazimika kuwa kweli. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayowaangusha watahiniwa wengi kuliko ugumu wowote wa Kiingereza.

C ni hatari zaidi, na hapa ningependa tukae kidogo. Inasema dereva asiyepangiwa usiku ama hakupita macho ama alipata ajali. Ina harufu ya kanuni zenyewe, maneno yake ni yale yale. Lakini iweke kwenye mizani: kama kila asiyepangiwa usiku ana dosari moja kati ya hizo mbili, basi asiye na dosari yoyote hupangiwa usiku. Na Juma hana dosari yoyote. Kwa hivyo C ikiwa kweli, A nayo ni kweli. C ni A iliyovaa kanzu nyingine.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Basi C haiwezi kuwa jibu, Mjomba. Jibu ni moja tu, na C ikiwa kweli zitakuwa mbili." Sahihi kabisa. Katika mtihani wenye jibu moja, chaguo lolote linalobeba chaguo jingine mgongoni mwake huondoka. Akili hiyo ni yake, nami nimeiandika hapa kwa idhini yake.

B inachukua sharti mbili zisizohusiana na kuzifunga ndoa. D inazungumzia usalama, neno ambalo halimo katika kanuni. E inabaki, nayo ni kanuni ya pili iliyogeuzwa uso: mwenye ajali hapangiwi usiku, kwa hivyo ukimkuta dereva wa usiku, huyo hakupata ajali. Haihitaji kitu kingine chochote.

Kuna kanuni ndogo hapa ambayo nilimwandikia pembeni ya karatasi. Sentensi ya "hakuna" hugeuzika: hakuna mwenye ajali anayeendesha usiku, hakuna anayeendesha usiku mwenye ajali, ni mamoja. Sentensi ya "kila" haigeuziki hivyo: kila papa ni samaki, lakini nenda soko la samaki Mombasa useme kila samaki ni papa uone utakavyochekwa. Ukitaka kuigeuza "kila", lazima ukanushe pande zote mbili: asiye samaki si papa.

Sasa, kwa nini msichana mwenye digrii, tena mwenye hesabu nzuri, aliteleza? Nilimuuliza alifikirije. Akaniambia alipoona safari za usiku alikumbuka Migaa. Msomaji wa Pwani huenda halijui jina hilo vizuri, lakini watu wa Nakuru wanalijua. Njia ya kwenda Eldoret hupita Salgaa, Sachangwan na Migaa, mteremko uliomeza roho nyingi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36, na mamlaka ya NTSA ikasimamisha safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Binti wa dereva, aliyekulia kando ya njia hiyo, hawezi kusoma maneno "safari ya usiku" na "ajali" kwa moyo mkavu. Alikwisha kumhukumu kila dereva wa kwenye karatasi: asiyepewa usiku lazima ana kasoro, au wangempa. Ndiyo C hiyo.

Maarifa yake yalikuwa ya kweli, na mtihani uliyahesabu kuwa kosa.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu nirudi, kwa sababu halikuanza Nakuru. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Urusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistani akawauliza wakulima wasiosoma: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, mahali fulani pako kaskazini ya mbali, dubu wa huko ni wa rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na kwamba asiyeona hasemi. Luria aliona hapo ukosefu wa fikra za shule. Mimi, kwa heshima zote, naona pia adabu: mtu kukataa kutoa ushahidi wa asichokishuhudia. Mahakamani tungemsifu. Kwenye mtihani anapata sifuri.

Na hata hapo Bonde la Ufa jambo hili limeandikwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi na wakulima wa Kikipsigis mahali paitwapo Kokwet. Walikuta kwamba neno la Kikipsigis la akili, *ng'om*, linapozungumzwa kuhusu mtoto hubeba pia kuwajibika na kusaidia nyumbani. Na wazazi wakitaka kusema akili ya darasani huongeza *en sukul*, ya shuleni. Mtoto anayeweza kuchunga ng'ombe na kulea mdogo wake bila kuambiwa mara mbili ana *ng'om*, hata kama mbele ya mgeni mwenye karatasi ya maswali anafunga mdomo. Sisi Waswahili tunasema fulani ana akili za kitabuni, na mara nyingi hatumsifu.

Lakini tusijidanganye kwamba wasomi wa Ulaya hawatelezi. Mwaka 1966 Peter Wason wa chuo cha University College London alichapisha jaribio ambalo hadi leo huwaaibisha maprofesa. Kadi nne ziko mezani: E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzifunue ili kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi husema E na 4. Sahihi ni E na 7. Ile 4 haina haja, kwa sababu kanuni haikusema namba shufwa huandamana na irabu. Lakini 7, ukiifunua ukakuta irabu, kanuni imekwisha. Chini ya mtu mmoja katika kila kumi ndiye aliyepata katika majaribio ya mwanzo.

Kisha mwaka 1982 watafiti wawili, Griggs na Cox, wakawapa wanafunzi wa Florida swali lile lile kwa sura nyingine: mnywaji wa bia lazima awe ametimiza umri wa kisheria, ukiwa askari, ungemkagua nani? Ghafla karibu robo tatu wakapata. Mantiki haikubadilika hata nukta, ila sasa ilikuwa ya mlinzi anayemtafuta mkosaji.

Kesho yake nilijaribu mwenyewe kwenye stendi ya matatu. Nilimwambia kondakta mmoja kijana: tuseme kanuni ni kwamba abiria mwenye gunia lazima awe na risiti ya mzigo. Kuna watu wanne: mmoja unaona ana gunia, mmoja unaona hana, mmoja ameshika risiti, mmoja anasema hana risiti. Utamkagua nani? Hakufikiri hata sekunde tano. "Mwenye gunia namwitisha risiti, asiye na risiti naangalia kama ana gunia. Hao wengine wana shida gani?" E na 7, mzee. Bila digrii, na mkono mmoja umeshikilia mlango.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa binti ulikuwa huu: ukikuta kanuni kavu, igeuze iwe kanuni ya kondakta. Jiulize ni nani angekuwa ameivunja. Kanuni ya "ikiwa hili, basi lile" huvunjwa na mtu wa aina moja tu: aliye na hili na hana lile.

Ushauri wa pili unahusu lugha, na hapa nina neno na walimu wetu. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mtoto wetu anafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kina mitego yake na dawa zake. Chukua "tu". *Wanafunzi tu hulipa nusu nauli*, na *wanafunzi hulipa nusu nauli tu*. Neno limehama mahali, maana imegeuka. Katika ya kwanza, ukimwona aliyelipa nusu, ni mwanafunzi. Katika ya pili, ukimwona mwanafunzi, amelipa nusu, lakini huenda na mzee wa jirani amepewa nusu kwa hisani. Ile "tu" ya kwanza ni sharti. Na "ila" au "isipokuwa" ni ndugu zake: *huingii ila kwa tiketi* haimaanishi kila mwenye tiketi ataingia, kama wapenzi wa soka waliowahi kufungiwa geti na tiketi zao mkononi wanavyojua.

Chukua tena "wote" pamoja na kukanusha. Mtu akisema *watahiniwa wote hawakupita*, amesema hakuna hata mmoja aliyepita, au amesema si wote waliopita? Barazani tutamwelewa kwa uso wake. Kwenye karatasi hakuna uso. Nilimwambia binti kila akutanapo na sentensi ya namna hiyo aiandike upya kwa Kiswahili kisicho na shaka: "hakuna aliyepita" au "si wote waliopita". Akiweza kuchagua moja kati ya hizo mbili, ameielewa. Asipoweza, arudi kusoma.

"Baadhi" ndiyo iliyonichongea mimi. Mwaka 2008, nikiwa na stashahada yangu mpya, nilikaa kwenye ukumbi mmoja, sitautaja, na karatasi ikasema baadhi ya wafanyakazi wa idara fulani wanajua kuendesha gari. Nikaweka alama kwamba kuna wafanyakazi wa idara hiyo wasiojua. Ukimwambia mwenyeji wako baadhi ya wageni wamekula, atakimbilia jikoni kuwapakulia waliobaki. Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Lakini katika mtihani, "baadhi" ni mmoja au zaidi, na wote pia wamo. Nilitoka ukumbini nikijua nimepita. Barua ya kuniambia sikupita haikuja hata; nilijua kwa ukimya.

Na "au" ni hivyo hivyo. Nyumbani, chai au kahawa ni moja. Kwenye karatasi, mwenye zote mbili naye ametimiza, ila wakikwambia si zote mbili.

Maswali ya sababu na matokeo yana mlango wake, na Nakuru ina mfano wake ziwani. Heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, ndio walioufanya mji huu kujulikana duniani. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, yakala msitu wa kando, yakafunika hata lango kuu la mbuga, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Bogoria. Wataalamu wanaeleza kwamba heroe wadogo hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi, na maji mengi matamu yakiingia, magadi hupungua nguvu na mwani pia. Maelezo mazuri. Lakini mtihani utakuuliza hivi: "Maji yalipanda, heroe wakapungua, kwa hivyo kupanda kwa maji ndiko kulikowaondoa. Ikiwa ni kweli, kauli ipi ingedhoofisha zaidi hoja hii?" Na moja ya chaguo itasema: "Heroe walianza kupungua miaka mitatu kabla ya maji kupanda."

Mpwa wangu, anayelijua ziwa hilo tangu utotoni, alilifuta chaguo hilo mara moja. "Si kweli, Mjomba." Huenda si kweli. Lakini hukuulizwa kama ni kweli. Umeambiwa *ikiwa* ni kweli. Ukilikubali kwa dakika moja, sababu imekuja baada ya tokeo, na hoja imeanguka. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa kutafuta katika hoja yoyote ya sababu: wakati. Wa pili ni kitu cha tatu kilichosababisha yote mawili. Wa tatu ni mambo kugeuka: huenda unachokiita tokeo ndicho sababu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kuzaliwa nayo, mtu anayo au hana. Sikubaliani, na ushahidi wangu hauko mbali na hapo. Kule Iten, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mwaka 2004 ulianzishwa mradi uitwao KenSAP na mwandishi wa Marekani John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyeleta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Uliwachukua wanafunzi wa Bonde la Ufa waliopata alama za juu kabisa za KCSE, na kabla ya kuwapeleka kuomba nafasi katika vyuo vikubwa vya Marekani, ukawaketisha wakafundishwa mtihani wa SAT. Tazama: watoto wenye A, na bado walifundishwa namna ya kuuketi mtihani. Waliopita njia hiyo wamefika hadi Harvard. Wenzetu wameelewa kwamba karatasi hizi zina desturi zake, na desturi hufundishwa. Sisi huku Pwani tuna watoto wenye akili, tuna kumbi za misikiti na shule zinazokaa tupu Jumamosi jioni, na walimu wastaafu wanaocheza bao. Hilo nawaachia wenye nafasi.

Hata huko ambako maswali haya ndiyo kwao, uzito wake umezidi. Mtihani wa LSAT wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani ulianza mwaka 1948. Tangu Agosti 2024 wameiondoa ile sehemu iliyojulikana kama michezo ya mantiki, na sehemu za hoja kama hizi za Juma zinazohesabiwa alama zikawa mbili, kila moja dakika 35 kwa maswali yanayokaribia 25. Dakika moja na nusu kwa swali, hata haifiki. Hakuna muda wa kubishana na Juma.

Usiku wa Ijumaa tulikubaliana afanye hivi. Asome swali lenyewe kwanza, ajue ameulizwa nini, kisha ndipo apande juu kusoma maelezo. Azungushie duara maneno madogo: tu, ila, wote, baadhi, hakuna, lazima. Akiulizwa "lazima iwe kweli", aogope chaguo linalosema mengi kuliko maelezo. Kauli nyonge ni rahisi kuthibitisha kuliko kauli yenye makelele. Swali likimkatalia, aliwekee alama alipite, alirudie mwisho. Na asome masharti ya karatasi: kama kosa halipunguzi alama, asiache nafasi tupu hata moja.

Dada yangu, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri wakati wote huo, aliuliza kwa nini waajiri wasimpe tu vitabu vya hesabu avikague waone kama anajua kazi. Sikuwa na jibu zuri. Sina hadi leo.

Jumamosi alikwenda. Alirudi saa saba mchana, akasema kulikuwa na maswali mawili ya "ila", moja alilipata kwa hakika na jingine hajui. Majibu yatatoka mwisho wa mwezi.

Jioni hiyo baba yake alipiga simu akiwa Malaba, kwenye foleni ya malori. Binti akamsomea swali la Juma lote, kanuni zote mbili na chaguo zote tano, kwa Kiswahili. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, kama mtu aliyesumbuliwa bure: "Si wamesema mwenye ajali hapewi usiku? Basi wa usiku hana ajali. Huyo Juma anaingiaje hapo?"

Hakumaliza hata darasa la nane. Binti alinitazama, akaifungua tena ile karatasi, akaandika jina la baba yake kando ya herufi E.